Fundi wa Nyaya Mbili

Mama Efraimu tumemzika Hasamba msimu huu wa kuchuma kahawa, na sasa nasema. Maneno haya yamenikaa kooni muda mrefu, hadi mume wangu akaniambia nitapata vidonda vya tumbo, nami nikamjibu kwamba ninavyo tayari. Mdogo wangu Nsajigwa hatapenda. Yeye yuko nyumbani kwetu Ikinga, Ileje, analima maharage, na akisikia nimeongea atanuna, halafu atanyamaza kama kawaida yake. Acha anune.

Hapa Tunduma nina duka la nyaya, fyuzi, balbu na soketi za magari makubwa. Mpaka leo madereva wanakuja kuniuliza, "Dada Gwantwa, yule fundi mfupi wa mashine ya kusomea yuko wapi siku hizi?" Wengine, wasiojua kwamba ni ndugu yangu, wanaongeza, "Yule aliyeua mtu." Wanalitamka hivyo hivyo huku wanachagua fyuzi, kama wanaongelea mvua. Nawauzia fyuzi zao na nawatazama wakiondoka. Ningeweza kuwatukana, na siku moja nilimtukana mmoja, akahamia duka la jirani.

Nsajigwa alikuja mjini kunisaidia duka, na kwa kuuza alikuwa bure kabisa. Mteja akitaka waya, yeye anauliza waya ni wa kazi gani, umekatikia wapi, umekatwa na nini, na mwisho anafunga duka anaenda kuliangalia lori. Nikachoka, nikampeleka ng'ambo ya pili ya mpaka, Nakonde, kwa mzee mmoja wa Kibemba aliyekuwa fundi umeme wa malori ya migodini. Alikaa kwake akajifunza, akarudi na mashine ya kusomea hitilafu za magari aliyoachiwa na mzee, na ile tabia ya kumwitikia kila mtu "mukwai" kwa adabu, hata madereva waliokuwa wanamfokea.

Mimi nimeishia darasa la saba, lakini kazi ya mdogo wangu naijua, kwa sababu alikula nayo ugali kila siku mezani kwangu. Lori la siku hizi lina maboksi. Injini ina kontroboksi lake, gia ina lake, breki zina lake, dashibodi ina lake. Zamani kila kifaa kilivutiwa waya wake mpaka kwenye kifaa kingine. Sasa maboksi yote yametundikwa kwenye nyaya mbili nyembamba zilizosokotwa pamoja, na humo ndimo yanamozungumzia. Boksi la breki likipima mwendo wa tairi, linatangaza, na yote yanasikia. Linalohitaji habari hiyo linaichukua, lisiloihitaji linaiacha ipite. Hakuna mwenyekiti. Mawili yakianza kusema kwa pamoja, lenye ujumbe mzito zaidi linaendelea, jingine linakaa kimya hadi nafasi ipatikane. Nsajigwa alikuwa akisema yana adabu kuliko kikao cha ukoo wetu, na hakuwa anatania.

Shida inaanza boksi likiugua. Likifa kabisa si taabu kubwa. Unachomeka mashine kwenye tundu lililo chini ya dashibodi, unaliuliza boksi moja moja lina nini. La injini linajibu kwamba halilisikii la breki. La gia linajibu hivyo hivyo. Lililokufa lenyewe halina la kusema, unalitambua kwa malalamiko ya wenzake. Baya ni lile lililougua nusu. Linazibana nyaya zile mbili, ujumbe haupiti, na mashine ukiichomeka haijibiwi na boksi lolote. Lori zima limekufa ganzi, na kumbe mgonjwa ni mmoja.

Hapo mafundi wengi walikuwa wanaanza kubahatisha, na Nsajigwa alikuwa anazima umeme wa gari, anashika mita, anapima kati ya nyaya mbili. Kisha anachomoa boksi moja, anapima tena. Anachomoa jingine, anapima. Nyaya zikisoma sawasawa, amempata mgonjwa. Alikuwa anafanya hivyo taratibu, huku dereva anagonga saa yake na foleni nyuma inapiga honi.

Sasa, mgonjwa akishapatikana, lori lifanyeje? Boksi jipya linatoka Dar es Salaam, na lori limeziba njia ya kuingilia forodhani, na askari, wakala na madereva wote wanakupigia kelele wewe. Mafundi wa Tunduma wana njia yao. Wanaliacha lile boksi limechomolewa, wanaziunganisha nyaya ziendelee mbele, na maboksi yaliyobaki yanaanza kuongea. Lori linawaka. Wanaita kutenga. Wengi wao ni watu wa kanisani, na huko mtu aliyekosea anatengwa: haimbi kwaya, hashiriki meza ya Bwana, mpaka arudishwe. Basi ndivyo wanavyosema, "Nimelitenga boksi la mlango," "Nimelitenga la kiti," na kila mtu wa kazi ile anaelewa.

Boksi la mlango halina neno. Lakini mengine ukiyatenga unacheza na roho za watu, na mafundi wanajua. Taa ya hatari inawaka kwenye dashibodi, ni kweli, ila dereva gani wa barabara hii anaogopa taa? Nusu ya malori yanayopita hapa yanawaka taa kama duka la Krismasi. Kwa hiyo walikubaliana alama yao. Fundi akitenga boksi la maana, anafunga kipande cha kitambaa chekundu kwenye nguzo ya usukani, chini kidogo, mafundo mawili, na dereva wa mpakani akikiona anajua lori hili si zima, aulize kabla ya kuondoka. Vitambaa vile walikuwa wanavikata dukani kwangu, kwenye jora lile lile ninalouzia wenye mizigo inayotokeza nyuma ya gari. Watu wa nje ya mji huu wa mpakani hawakuwa na habari navyo. Hilo likumbukwe.

Efraimu alikuwa mtu wa nje. Alikuwa kijana wa Hasamba, kule Mbozi, ameendesha malori ya kahawa miaka yake yote, malori ya zamani yasiyo na boksi hata moja. Dada yake, Tabita, ndiye aliyekuwa amechumbiwa na Nsajigwa. Posa imepokelewa, kanisani wameshatangazwa mara ya kwanza, na mimi nimeshashona kitenge cha sare. Efraimu ndiye aliyempenda shemeji yake huyu kupita wote. Alipopata kazi kwa tajiri mmoja wa malori ya shaba alikuja kutuambia sisi kabla ya kumwambia mama yake. Alikuwa ameokoka, mwimbaji, mcheshi. Walipokaa na Nsajigwa waliongea habari za harusi na za timu zao za mpira. Habari za kitambaa chekundu hazikuwahi kutajwa, maana nani anazungumzia kazi mbele ya nyama ya kuchoma.

Lori lenyewe lilikuja limebeba shaba, linatoka Zambia. Aliyelileta ni dereva anayeitwa Luka. Tajiri wao, yule yule wa Efraimu, alikuwa na utaratibu wa kubadilishana madereva: Luka anavusha mpakani, anarudi Zambia na lori jingine, na mwenzake analichukua lile la mzigo kwenye maegesho ya Mpemba, nje kidogo ya mji, anashuka nalo Dar. Lilikufa katikati ya foleni. Mashine ilichomekwa, hakuna kilichojibu. Nsajigwa alipima, akachomoa, akapima, akampata mgonjwa: boksi la breki.

Alikuja dukani, akasimama kaunta anajikuna shingo. Nikamuuliza kuna nini, akasema, "La breki." Nikamwambia asilitenge. Akasema hatalitenga la kwenda safari, analitenga lisogee tu mpaka Mpemba, lisubiri boksi jipya. Mimi mwenyewe nilimkatia kitambaa. Nilimwona akikifunga. Na alimwonya Luka mbele ya mafundi wenzake wasiopungua wanne.

"Broo, nisikilize," alimwambia. "Hili liende Mpemba kwa gia ndogo, lipaki. Breki za upepo zipo, lakini breki ya injini haipo. Yenyewe haikubali kushika mpaka ilisikie boksi la breki, na boksi la breki halipo hewani. Lina mzigo. Lisishuke mlima wowote."

"Nimekupata, fundi," Luka akasema.

"Na mwenzako mwambie."

"Nitamwambia, mukwai."

Luka akalipeleka Mpemba, akaacha ufunguo kwa mlinzi, akapanda bodaboda kurudi mpakani kuwahi lori lake. Hakumwambia mtu neno. Sijui alisahau au aliona si kazi yake. Nimemfikiria mtu huyo mara nyingi kuliko anavyostahili.

Efraimu alilichukua lori, na njiani, kabla ya Vwawa, mguu wake ukagusa kitu chini ya usukani. Akainama, akaona kitambaa chekundu chenye mafundo. Sasa jiweke mahali pake. Umekulia Mbozi. Umesikia tangu utotoni jinsi madereva wanavyoendeana kwa waganga kugombania malori mapya. Umepewa gari lililotoka mikononi mwa Luka, ambaye kila mtu anasema havuki mpaka bila kupita kwa mganga wake. Na mganga hakupi kitambaa cha bluu. Mtu aliyeokoka akikuta kitu kile kwenye usukani wake afikirie nini? Akakifungua, akaegesha lori kando ya barabara kuu, akaenda nyumbani kwao nacho mfukoni.

Yaliyotokea humo ndani nimeyajua kwa Tabita, aliyekuwepo. Mama yao alikuwa jikoni anapika makande. Efraimu akakitoa, akasema, "Mama, nimekuta hiki kwenye gari." Mama akaweka mwiko chini. Efraimu akasema, "Ngoja nimpigie shemeji, yeye anashinda na mafundi, huenda anajua ni cha nani." Simu alikuwa ameshaishika.

Mama yake akamwambia, "Usimpigie mtu. Mambo ya giza hayaulizwi kwa simu. Yanaombewa."

Akakichukua kitambaa mkononi mwa mwanawe, wakaomba wote watatu, akakitia motoni. Efraimu alikula makande yake, akaimba kidogo, akaondoka amefurahi.

Simu ya Nsajigwa ilikuwa hewani siku ile yote. Ilikuwa juu ya kaunta yangu, inachajiwa.

Lori lilimshinda kwenye mteremko wa kushukia mto Songwe. Wenye vibanda pale juu walisema lilipita linanuka breki zilizoungua, linapiga honi mfululizo ili watu wapishe, na watu wakapisha. Hakugonga hata mtu mmoja. Alilitupa ukingoni mwenyewe, na shaba ikamjia mgongoni.

Kwenye matanga watu waliongea uchawi. Sisi tulikaa na wafiwa kama ndugu. Nsajigwa alichimba kaburi. Kisha wakaguzi wakachomeka mashine yao kwenye yale mabaki. Boksi la injini lilikuwa zima, na la gia, na la dashibodi, na yote yalisema neno moja: boksi la breki halisikiki, halikusikika tangu Tunduma. Ikaulizwa nani alilichomoa, na jibu halikuchukua muda. Nsajigwa alikamatwa kwa kosa la kusababisha kifo kwa uzembe, akapewa dhamana, na matangazo ya ndoa yakasimamishwa.

Luka aliulizwa. Akasema hakuambiwa kitu na hakuona kitambaa. Ningemtegemea aseme nini, kibarua chake kipo kwa tajiri. Lakini wale mafundi wanne, waliokula kwangu, waliokopeshana nyaya na mdogo wangu, nao hawakuona kitu. Mmoja aliangalia viatu vyake akaniambia, "Dada, tukisema kuna alama, tutakuwa tumesema kwamba tunatenga. Wote tutafungwa." Nikamwambia asikanyage tena dukani kwangu, na hajakanyaga. Mimi nilikiona kitambaa, nilikikata kwa mkasi wangu. Lakini mimi ni dada wa mshtakiwa, na neno la dada halina uzito.

Wakili tuliyempata, mwanamke mmoja wa Vwawa, alituambia waziwazi. "Luka anasema hakuna onyo lililotolewa. Nipatieni mtu mmoja asiye ndugu yenu aliyekiona kitambaa ndani ya lori lile baada ya kutoka mpakani. Mmoja tu. Hapo fundi alitoa onyo, na onyo lilifika kwa dereva. Msipompata, anafungwa."

Mtu huyo nilikuwa namjua: Mama Efraimu, maana Tabita ni mchumba wa mshtakiwa, naye angehesabiwa ndugu. Tabita alikuwa ameshaninong'oneza habari ya kitambaa kwenye matanga, akilia, akiamini walichelewa kukichoma. Alikuwa hajajua alichokuwa ananiambia. Na mimi sikumwambia mtu siku ile ya matanga, ila sasa, mbele ya wakili, moyoni niliruka, na sioni aibu. Mdogo wangu alikuwa anaelekea jela na nilikuwa nimeona mlango.

Nikamwambia Nsajigwa. Akauliza jambo moja tu, "Alitaka kunipigia?" Nikasema ndiyo, na mama akamkataza. Akafunika uso wake.

Ilinibidi nimsukume kwenda Hasamba. Tulifika mchana, watu wametandaza kahawa kwenye vichanja, na Mama Efraimu alikuwa anachambua punje mbovu. Alikuwa amekonda hadi kilemba kilikuwa kinamteleza. Alitukaribisha ndani. Nsajigwa alikaa kwenye kigoda karibu na mlango kama mkwe anavyokaa, Tabita akasimama jikoni, lakini mlango wa jikoni ulikuwa wazi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, wanangu. Hamjambo huko mpakani?"

"Hatujambo, mama. Tumekuja kukuona."

Nilikuwa nimepanga maneno yangu. Sikupata hata kuyaanza. Mama yule alikuwa na lake, na nadhani lilikuwa limemnyima usingizi, maana alilitoa moja kwa moja bila hata kutuuliza kama tumekula.

"Nsajigwa, baba, kuna jambo nataka kukuuliza. Efraimu alikuja hapa na kitambaa chekundu. Alikikuta kwenye lile gari. Nilikichoma mimi, kwa mkono huu. Sasa Jumapili iliyopita kuna mtu kanisani ananiambia kwamba mafundi wa Tunduma wanafunga vitambaa kama vile, kuwaonya madereva. Nikasema hapana, haiwezekani. Lakini silali." Akaziweka chini punje za kahawa alizoingia nazo mkononi. "Niambie kweli, mwanangu, maana mimi ndiye niliyemkataza kukupigia simu. Kile kitambaa kilikuwa chako?"

Tabita alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni na sufuria mkononi. Niliona usoni mwake kwamba ameelewa dakika ile ile. Mimi nilimtazama mdogo wangu nikasema moyoni, haya, sema. Alikuwa haombwi hata kusimulia. Alikuwa anaombwa neno moja, "ndiyo", na lilikuwa kweli, na lingemrudisha kazini kwake na kwa mchumba wake.

Mtu yule hakuwahi kudanganya habari ya gari. Nimeona akimwambia tajiri mbele ya watu kwamba gari lake ni kopo. Nimeona akirudisha kazi aliyosifiwa kwa sababu hakuridhika nayo.

"Hapana, mama," akasema. "Hakikuwa changu. Mimi sikufunga kitu."

"Hukufunga kitu."

"Sikufunga. Kile kitakuwa cha wale watu wa waganga. Ulifanya vizuri kukichoma."

Mama Efraimu alivuta pumzi, na pumzi ile niliisikia ikishuka hadi tumboni. Akajifunika uso kwa ncha ya kanga akasema asante Yesu, asante Yesu. Kisha akalia, kilio cha kawaida cha mtu aliyefiwa, ambacho nadhani alikuwa hajakilia bado. Na alipomaliza kulia alimwangalia Nsajigwa kwa jicho jingine. Sasa alikuwa anaangalia mtu aliyechomoa breki za mwanawe na asimwonye mtu. Hakutuita tena wanangu. Alituambia tuna safari, tusichelewe gari.

Nilianza kufoka kabla hatujafika barabarani. Nilimwambia yeye ni mpumbavu, na kwamba amejifunga kamba mwenyewe, na kwamba nitarudi nimwambie yule mama kila kitu. Tabita alitukimbilia. Alisimama mbele yake, akamwuliza kwa sauti ndogo, "Kilikuwa chako, sivyo?" Nsajigwa alimwambia tu arudi ndani, mama asibaki peke yake.

Kwenye gari nikamwuliza kwa nini. Nilitegemea maneno mengi kwa jambo kubwa namna ile. Akasema, "Dada, mimi nitatoka jela. Mama yule atatokea wapi?"

"Na ulilichomoa wewe lile boksi?"

"Nililichomoa mimi."

"Kwa hiyo unajiadhibu."

"Sijiadhibu. Nilichomoa. Hilo si uongo." Akageukia dirishani.

Sikukubali. Watu wananilaumu kwa kilichofuata, na wakinilaumu mbele yangu nawajibu: ningefanya tena. Nilikwenda kwa wakili nikamwambia kila kitu, amwite Mama Efraimu mahakamani. Niliwaza kwamba mbele ya hakimu, akiwa ameapishwa, atataja kitambaa, na Nsajigwa akisikia miaka inahesabiwa juu ya kichwa chake atarudi kwenye akili zake. Wakili alimwita. Mama yule alikuja na gauni lake jeusi, akashika Biblia, akasema kweli tupu kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Ndiyo, kitambaa kilikuwepo. Ndiyo, alikichoma. Nikaona wakili ananyanyuka kidogo kitini. Kisha mama akaendelea, "Lakini huyu kijana alikuja nyumbani kwangu, akaniambia kwa kinywa chake kwamba si chake, na kwamba yeye hakufunga kitu."

Hakimu alimgeukia Nsajigwa. Alikuwa mtu mzima, mpole, na naamini alimpa nafasi. Alimwuliza polepole, "Mshtakiwa, siku ile ulifunga kitambaa au alama yoyote kwenye gari?"

Mama Efraimu alikuwa bado amesimama pale kizimbani, ameshika ukingo, anasubiri jibu kuliko mtu yeyote mle ndani. Tabita alikuwa benchi la nyuma. Mimi nilikuwa nimeinuka bila kujijua, na askari akaniashiria nikae. Nsajigwa aliangalia mikono yake, kisha akamwangalia mama yule.

"Sikufunga, mheshimiwa."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

Wakili akaketi. Mimi nilitoka nje ya mahakama.

Akafungwa. Mashine yake ya kusomea niliiuza, kwa sababu alinituma niiuze. Tabita alikaa nyumbani na mama yake akijua anachokijua, siku zote hizo, wakila sahani moja, na hakusema. Baadaye aliolewa na mwalimu wa Itumba. Nilikwenda harusini, nikampa zawadi, na tulishikana mikono kwa muda mrefu bila kutazamana. Nsajigwa alipotoka hakukanyaga Tunduma. Alishukia njia panda, akapanda gari la kwenda Ileje, na mpaka leo hata redio ya nyumbani ikiharibika anampa mtu mwingine aitengeneze. Mafundi wa hapa wanaendelea kutenga. Vitambaa hawafungi tena, wanaogopa.

Na mimi kila nilipokwenda Mbozi nilikuwa napita Hasamba kumsalimia Mama Efraimu. Msiniulize kwa nini. Nadhani nilikuwa nakwenda kuangalia kama kile kitu mdogo wangu alichokinunua kwa maisha yake bado kipo. Kilikuwepo. Alinenepa tena, alirudi kwaya ya akina mama, alilala. Alikuwa ananiambia jinsi anavyolala.

Mara ya mwisho nilimkuta kitandani, mgonjwa, lakini akili yake nzima. Alinishika mkono akanivuta karibu. Alisema hataki kwenda mbele za Mungu na kinyongo. "Gwantwa," akasema, "nimemsamehe mdogo wako. Nimemsamehe kabisa. Umwambie."

Tabita alikuwa amekuja kumwuguza. Alikuwa anakunja nguo upande wa pili wa kitanda. Mikono yake ikasimama. Nilikuwa nayo yote kinywani, kitambaa, simu iliyokuwa inachajiwa kaunta, yote. Mama yule alikuwa ananiangalia kwa upendo, anasubiri nifurahi.

"Asante, mama," nikamwambia. "Nitamwambia."